Mstari wa Upande wa Tangi

Walimwita Mwalimu Ungo, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Umuulize shule ni ya nini, uwe mzazi, uwe mkaguzi, uwe mpita njia uliyejibanza barazani ukikimbia jua, jibu lake lilikuwa lile lile. "Shule ni ungo," atasema, huku akipepeta hewa kwa mikono miwili. "Mchele huku, pumba kule, na kila kimoja kina kazi yake." Wanafunzi walimwigiza nyuma ya mgongo wake, naye alijua, na wala hakukasirika. Mtu mwenye hakika na neno lake hana haja ya kugombana na wanaomwigiza.

Hakika hiyo haikutoka hewani. Ungo ndio uliombakiza yeye. Mama yao alikuwa akifua nguo za watu, na alizaa wawili tu, yeye na kaka yake. Kaka alimtangulia kuzaliwa, lakini homa ilimrudisha darasa moja nyuma, wakajikuta dawati moja, na mwisho wa yote wakafanya jaribio moja siku moja. Dada akapita. Kaka akaanguka. Dada akanunuliwa viatu vya kwanza maishani mwake, akaenda shule ya juu, akarudi mwalimu. Kaka akaenda kiwanda cha sabuni, na huko ndiko nywele zilikomgeukia mvi. Sasa walikuwa wakiishi tena katika nyumba ya marehemu mama, dada akiwa mjane, kaka hakubahatika kuoa, na kila jioni kwenye chakula walikuwa wakigombania jambo lile lile kama watoto wanaovutana shuka.

"Nyie mnatutengenezea watu wa kuitika kengele," kaka alikuwa akisema. "King'ora chetu kikilia, mgeni wa siku ya kwanza anajipanga mstari bila kuambiwa. Nani kamfundisha? Wewe, mdogo wangu."

"Namfundisha nidhamu, kaka."

"Basi mbona sijaona mtoto wa meneja akiletwa kwetu kupanga mche wa sabuni? Ungo wenu unajua nyumba za kupita kando."

"Mwenye akili anabaki, awe wa meneja, awe wa dobi. Mimi hapa mtoto wa dobi."

Hapo kaka alikuwa akinyamaza, maana lile jibu lilikuwa na mwiba ndani yake. Yeye pia alikuwa mtoto wa dobi. Kisha angesema kwa sauti ya chini, akichota mboga, "Mchele mmoja, mapishi mbalimbali," na mjadala ungelala hadi kesho.

Shuleni kwao kulikuwa na mahali hasa pa kupepetea. Watoto walipomaliza madarasa ya mwanzo waliandika jaribio, na siku ya kufungua shule Mkuu alisimama kwenye ngazi za ofisi, uso ukiangalia lango, akaita majina. Waliofanya vizuri walijipanga mkono wake wa kulia, kando ya tangi la maji. Wengine walijipanga kushoto, kando ya stoo ya majembe na fagio. Hakuna aliyewaambia watoto maana ya mistari ile, eti wasivunjike moyo. Mwalimu Ungo alichukua mstari wa tangi, akaupeleka chumbani kwake, akaandika majina ya aliowakuta kwenye madawati. Mwalimu mwenzake, mzee mmoja mpole wa sura, waliyemwita Babu Kimya kwa kuwa neno "kimya" halikumkauka mdomoni, alichukua mstari wa stoo. Baada ya mwaka, chumba cha tangi kilikwenda shule ya juu. Chumba cha stoo kilikwenda darasa la mikono, kujifunza kushona magunia na kufunga maboksi, na kutoka hapo njia ilikuwa moja tu, na ilinukia sabuni.

Mwaka huu tunaousimulia, siku ya kufungua mvua ilikuwa imemwagika tangu alfajiri na uwanja umekuwa tope tupu. Watoto walirundikwa kwenye baraza la ofisi. Mkuu hakupata pa kusimama ila chini, mbele yao, na mwavuli wake uliovunjika ubavu, uso ukielekea ofisi na mgongo ukielekea lango. Maji yalikuwa yakimwingia viatuni, naye akaita majina mbio mbio ili amalize. Watoto wakajipanga. Mwalimu Ungo akakimbia na mstari wake wa tangi, Babu Kimya akakimbia na wa stoo, na kila mtu akashukuru kuingia ndani.

Kuna jambo moja Mwalimu Ungo alilolingoja siku ile. Katika kusahihisha majaribio, alikuta karatasi iliyomfanya acheke peke yake hadi machozi yakamtoka. Watoto waliambiwa wachore shule, kisha waandike ni ya nini. Wote walichora nyumba, mlango na bendera. Mmoja alikuwa ameichora shule kama anayeitazama kutoka juu mtini: paa, tangi likiwa duara, na vichwa vya watu kama mbegu za papai. Chini aliandika, "Shule ni mahali ambapo unaweza kumuuliza mtu mzima na asikupige." Mwalimu Ungo alimpa alama zote. Jioni alimsimulia kaka yake, akidhani naye atacheka.

Kaka hakucheka. "Huyo usimpoteze," alisema.

Jina la mtoto Mwalimu Ungo hakulikariri, maana alijua kwa alama zile atajileta mwenyewe kwenye mstari wa tangi. Lakini alipouliza darasani ni nani aliyechora shule kutoka juu, watoto walimtazama tu. Akasema moyoni kwamba wazazi wake wamehama. Watu huhama, na mwalimu mwenye chumba kilichojaa hawezi kumlilia mtoto asiyemjua. Akaanza kazi.

Na kazi aliifanya, hilo hatumnyimi. Mwanzoni watoto wa mwaka ule walimtatiza kidogo. Walikuwa wazito kuanza. Lakini kwa kuwa alijua ni mchele, hakuwa na wasiwasi. Mtoto akikosea hesabu alimwambia, "Umechoka wewe, rudia." Akikosea tena, alijilaumu mwenyewe kwamba hakueleza vizuri, akaeleza kwa njia nyingine. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekaa miezi bila kusema, akiulizwa anatazama dari. Wenzake walipoanza kumcheka Mwalimu aliwakatiza: "Mwacheni, anafikiri." Wakamwita Profesa kwa utani. Akaendelea kutazama dari, lakini sasa kwa heshima, na siku moja alinyoosha mkono akajibu swali ambalo hata Mwalimu alikuwa hajalimaliza. Mwisho wa mwaka chumba kile kilikuwa kinaunguruma kwa maswali. Mwalimu Ungo alirudi nyumbani akipepeta hewa njia nzima.

Juma la mwisho kabla ya kufunga, jino lilimkamata Babu Kimya, shavu likafura kama andazi, na Mwalimu Ungo akaombwa amshikie darasa asubuhi ile. Alivuka uwanja bila wazo lolote.

Kitu cha kwanza kilichomshtua ni ukimya. Watoto walikuwa wamejaa madawatini na hakuna aliyekuwa akinong'ona. Ubaoni kulikuwa na aya moja kuhusu usafi wa mazingira, na wote walikuwa wakiinakili. Alipochungulia daftari la mtoto wa mbele akaona aya ile ile kwenye ukurasa huo, na kwenye ukurasa uliotangulia, na uliotangulia ule. Akauliza nani anaweza kumweleza aya inasema nini. Hakuna mkono uliopanda. Macho yote yalikuwa kwenye kalamu. Hakushangaa sana bado. Ndio pumba zenyewe, alijisemea, na akatembea kuelekea nyuma.

Kwenye dawati la mwisho, mahali ambapo kiwiko hulala, mtu alikuwa amechora kwa ncha ya msumari. Paa. Duara la tangi. Vichwa kama mbegu za papai.

Mwalimu Ungo alishika ukingo wa dawati. Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Nani kachora hapa?"

Hakukusudia kuuliza kwa ukali, lakini sauti ilitoka ikiwa imekwaruza. Watoto wakainamisha vichwa. Mmoja akanyoosha kidole kwa msichana mwembamba aliyekaa pale pale. "Bubu, Mwalimu."

"Nani?"

"Bubu. Ndivyo anavyoitwa. Hasemagi."

Msichana alisimama. Hakujitetea, hakulia, wala hakungoja kuambiwa. Alinyoosha viganja viwili mbele yake, vikiwa wazi, tayari kwa rula, na akageuza uso pembeni kama mtu mwenye uzoefu.

Mwalimu Ungo alivishika vile viganja, akavikunja, akamwongoza mtoto nje hadi kwenye baraza.

"Mama, mimi sikupigi," alimwambia walipofika. "Nataka kujua tu. Mwaka jana kwenye jaribio ulichora shule hivi hivi?"

Mtoto alitikisa kichwa kukubali.

"Na uliandika shule ni ya nini. Unakumbuka ulichoandika?"

"Nilikuwa sijui bado," msichana alisema.

"Sasa unajua?"

"Ya kunyamaza."

Alisema kwa upole, kama anayerekebisha kosa lake dogo la zamani ili mkubwa asiudhike. Na Mwalimu Ungo, aliyezoea kuzawadia majibu sahihi, alitamani hili liwe kosa.

"Siku ya kufungua," aliuliza, na sasa alikuwa anaogopa jibu, "wewe ulisimama upande gani? Wa tangi?"

"Wa stoo. Mkuu alisema nikae kulia kwake."

Mwalimu alitazama uwanja. Alitazama ngazi za ofisi, anaposimama Mkuu kila mwaka akiangalia lango. Alitazama chini ya baraza, aliposimama siku ile na mwavuli wake mbovu, akiangalia ofisi. Alijikuta akiinua mkono wake wa kulia, kisha akageuka nyuma, akauinua tena, mwanamke mzima peke yake barazani akipima mikono yake kama aliyepagawa. Ukilipa lango mgongo, kulia kunakuwa stoo. Mkuu aligeuka. Mistari nayo ikageuka. Walimu tu ndio hawakugeuka, walikwenda kule miguu yao ilikozoea.

Kwa hiyo wale wa kwake, wanaounguruma, ndio walioanguka jaribio. Profesa alikuwa ameanguka. Na hawa waliomo humu ndani, wanaonakili aya moja mwaka mzima na kutoa viganja bila kuombwa, ndio waliopita.

Hakubisha hodi ofisini. Mkuu, mwanamume nadhifu aliyependa mambo yake yakae sawa, alikuwa akinywa chai. Mwalimu Ungo alieleza akiwa amesimama, maneno yakigongana, mvua, mwavuli, kulia, kushoto, na alipomaliza alingoja kikombe kianguke. Hakikuanguka.

"Kaa, Mwalimu," alisema Mkuu. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua juma lile lile. Nilikuja kwako kuazima chaki, nikaona nyuso sizo. Nikataka niwaambie. Halafu nikajiuliza, nitawaambia nini wazazi? Nikasema ngoja nitazame. Muhula haujaisha, wako wameanza kupanda, wa mzee wameanza kushuka. Matokeo yakatoka kama miaka yote. Tangi juu, stoo chini." Alipuliza chai. "Nikatulia."

"Ukatulia."

"Shule ya juu ina viti vyake, tumevijaza. Kiwanda kinataka watu wake, tumewapata. Hakuna aliyelalamika. Ungo umefanya kazi, si ndivyo unavyosema mwenyewe kila siku?" Na Mkuu akapepeta hewa kidogo kwa mikono miwili, kwa utani, bila ubaya wowote.

Mwalimu Ungo alikuwa ameigizwa kwa miaka na hajawahi kuumia. Siku ile aliumia.

"Basi lile jaribio ni la nini?" aliuliza.

"Jaribio ni la watu waone tumegawa kwa haki. Ukigawa bila jaribio watagomba." Kisha Mkuu akaweka kikombe, na sauti ikawa ya kazi. "Lakini kama roho inakusuta, dada yangu, bado hatujafunga. Nitawabadilisha kesho. Wa stoo waende juu, wako waende mikono. Sema tu."

Alifungua mdomo. Akamwona Profesa akishona magunia. Akaufunga. Na katika kuufunga alijiona, akajishangaa kuliko alivyomshangaa Mkuu, maana bado alikuwa anatafuta nani awe pumba.

"Wote waende juu," alisema mwisho.

"Viti?" Mkuu aliuliza, na viti kweli havikuwapo.

Jioni ile hakula. Alimsimulia kaka yake yote, na kwa mara ya kwanza hawakubishana. Kaka angeweza kumcheka. Angeweza kusema si nilikwambia, na haki ingekuwa yake. Badala yake alisukuma sahani, akakaa akiitazama mikono yake iliyokaushwa na magadi.

"Ukisema, watawatoa wa kwako," alisema. "Usiposema, wale wengine wameshatoka."

"Ndiyo, kaka."

"Na yule mtoto?"

"Wanamwita Bubu."

Kaka aliposema tena hakumtazama usoni.

"Siku yetu sisi. Tulipoitwa, mimi na wewe. Mvua ilinyesha?"

Mwalimu Ungo alijaribu kukumbuka. Alikumbuka viatu. Alikumbuka mama akicheka na kulia kwa pamoja. Uwanja wa siku ile, jua au mvua, haukumjia hata kidogo, na alipomtazama kaka yake aliona kwamba yeye pia hakumbuki, na kwamba wote wawili hawatajua hadi wanaingia kaburini. Alilia mezani pale kama mtoto. Kaka alimsogezea maji na kumwambia, "Basi, mdogo wangu, basi," na hakusema tena neno la ungo, si jioni ile wala nyingine.

Asubuhi alirudi ofisini akiwa amefanya uamuzi. Wa kwake waende juu, wamefika na wanastahili, atakayewagusa atamkuta yeye. Lakini yeye hatabaki upande wa tangi. Anataka darasa la mikono, na chumba kizima cha stoo akifuate huko. Na mwisho wa mwaka wanaandika jaribio upya, kwa haki, na viti vya shule ya juu vishindaniwe na wote. Mkuu akikataa, basi yeye atasimama kwenye zile ngazi mbele ya wazazi na kuwaonyesha mkono wake wa kulia.

Mkuu alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Darasa la mikono hakuna mwalimu aliyewahi kuliomba."

"Leo limeombwa."

"Na unadhani watapita? Baada ya mwaka ule?"

Swali hilo ndilo lililomnyima usingizi usiku ule.

Shule ilipofunguliwa tena jua lilikuwa linawaka na uwanja mkavu. Watoto wa chumba cha stoo walikuwa wamehamishiwa kwenye banda la magunia, na waliposikia hatua zake walisimama wote kwa pamoja, wakaketi kwa pamoja, wakafungua madaftari, wakaanza kutafuta ubaoni aya ya kunakili. Ubao ulikuwa mtupu. Mwalimu Ungo aliweka chaki mezani. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, akayasahau yote.

"Mimi ndiye mwalimu wenu sasa," alisema. "Humu ndani mtaniuliza chochote mnachotaka. Hakuna atakayepigwa."

Hakuna aliyetikisika. Walitazamana kwa pembe za macho, kama watu waliopewa kitu kwa kukosea na wanasubiri mwenyewe aje kukichukua. Kisha nyuma kabisa, polepole, mkono mmoja ulipanda. Ulikuwa wa Bubu. Mwalimu akampa ishara aseme.

Msichana alisimama. Alikuwa amekunja uso kwa huruma, anavyofanya mtu anapolazimika kumweleza mgeni kwamba amepotea.

"Mwalimu, umekosea chumba," alisema. "Wenye akili hawako huku."

Na akamwonyesha kwa kidole, kwa adabu, upande wa tangi.